Thian Hock Keng: Hekalu la Mazu na Pwani Iliyohama
Asimamaye leo mbele ya hekalu la Thian Hock Keng, katika mtaa wa Telok Ayer nchini Singapore, huona barabara na majengo marefu. Bahari haipo, ingawa jina la mtaa kwa Kimalei humaanisha ghuba. Hekalu hilo lilijengwa ufukweni kati ya mwaka 1839 na 1842 na wahamiaji wa Kihokien kutoka Fujian, Tan Tock Seng akiwa miongoni mwa wafadhili wakuu. Kabla yake palikuwa na kibanda cha ibada, ambamo waliovuka salama walimfukizia ubani Mazu, mungu wa kike ambaye Watao humwamini kuwa mlinzi wa mabaharia.

Sanamu ya Mazu, iliyoletwa kutoka Fujian mwaka 1840, imo katika ukumbi mkuu. Guanyin wa Kibudha amepewa ukumbi wa nyuma. Mihimili ya mbao imeunganishwa kwa ndimi na matundu, na mazimwi ya paani yamepambwa kwa vipande vya kauri. Hata hivyo, kuliita jengo hili la Kifujian tupu, kama ifanywavyo mara nyingi, ni kupita langoni bila kutazama: chuma chake kilitoka Glasgow wakati wa ukarabati wa 1906. Huo nao ni ushahidi wa bandari.

Ufukiaji wa ghuba mwishoni mwa karne ya 19 uliisukuma pwani mbali. Mwaka 1907, maji yakiwa yamekwisha kuondoka mlangoni, Mfalme Guangxu wa China alilitunuku hekalu maandishi yanayosifu utulivu wa mawimbi ya bahari ya kusini.