Kutengeneza Nyumba ya Mawe: Je, Tumwite Mtaalamu?



Mtu aliyerithi nyumba ya mawe katika mji wa pwani amerithi mali na mashaka pamoja. Mvua zikipita, chokaa hubanduka. Boriti zikizeeka, dari huinama. Na watoto wakiongezeka, vyumba havitoshi. Ndipo anapokusanya fedha ili aitengeneze, na swali la kwanza limkabililo ni hili: je, amwite mtaalamu wa kupanga nyumba, au amwite mwashi na seremala wa mtaani, awaonyeshe kwa kidole alitakalo, kazi ianze?

Wengi hulijibu swali hili kwa haraka. Mmoja husema, "Mtaalamu ni anasa ya matajiri." Mwingine humkabidhi mtaalamu kila jambo, hata rangi ya mlango, na fedha humwishia kazi ikiwa nusu. Wote wawili wamechagua mtu kabla ya kuijua kazi. Basi leo na tuitazame kazi kwanza.

Yatupasa kuanza kwa kutofautisha majina. Mpambaji wa nyumba ni mtu ajuaye rangi, mapazia, taa na samani, na namna ya kupanga vyumba vipate nafasi na mwanga. Msanifu majengo amesomea kuchora nyumba nzima. Katika Kenya na Tanzania Bara sheria yataka awe ameandikishwa na bodi ya kazi yake. Mhandisi hupima uzito, na nguvu ya vitu viubebao. Tena yuko mwashi mzee, ambaye pengine hana cheti, lakini mikono yake yaijua chokaa tangu ujana. Watu hawa hawafanyi kazi moja, wala malipo yao si sawa. Amwitaye mpambaji amwambie kama ukuta waweza kuvunjwa ni kama mgonjwa wa jino aliyekwenda kwa kinyozi.

Sasa tuone nyumba zenyewe zasimamaje. Tuchukue mfano wa nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, miji iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo ni nene, aghalabu nusu mita. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na chokaa hata ikawa sakafu ya ghorofa. Sakafu hiyo ni nzito sana, na boriti haiwezi kuvuka mahali papana bila kuinama. Ndiyo sababu vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu, upana wake yapata mita 2½ au 3, navyo hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana mbele, ndani nyuma yake. Wazee hawakujenga hivyo kwa kupenda vyumba vyembamba; mti uliwawekea mpaka.

Tuseme basi mwenye nyumba ya namna hiyo ataka mambo matatu.

La kwanza, ataka kupiga lipu upya, kupaka chokaa, na kutengeneza zidaka za ukutani zilizovunjika. Kazi hii haihitaji msanifu. Yahitaji fundi ajuaye chokaa, na hapa mwashi mzee ana thamani kuliko picha nyingi za vitabuni. Ila mwenye nyumba aangalie jambo moja. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo sana, na unyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutoka. Simenti huifunga njia hiyo. Unyevu hubaki ndani pamoja na chumvi, hupanda juu, na baada ya muda lipu hubanduka ikichukua na vipande vya jiwe. Fundi akisema kuwa simenti ni ngumu zaidi, asema kweli. Lakini ukuta huu hautaki ngozi ngumu, wataka ngozi ipitishayo unyevu.

La pili, ataka kuvunja ukuta ulio kati ya msana na ndani, apate sebule moja kubwa. Hapa hatari ni kubwa, na mtu aweza kuitambua mwenyewe bila kusomea. Na asimame chumbani atazame dari. Boriti zimelazwa kukingama chumba, na ncha zake zimeingia katika kuta mbili ndefu. Kuta hizo mbili ndizo zibebazo. Ukuta autakao kuuvunja ni mmojawapo. Tena aghalabu hubeba boriti za vyumba vyote viwili, huku na huku. Ukiondolewa pasipo kitu cha kuupokea mzigo, ghorofa haina mahali pa kukaa. Kazi hii isianzwe hata siku moja kabla ya mhandisi au msanifu kuja, kupima, na kuandika. Aliye na nyumba ya udongo na makuti naye ana ukuta kama huu, ila kwake ni nguzo ishikayo mwamba wa paa. Asiikate kwa ajili ya kupanua mlango.

La tatu, ataka bafu na tangi la maji ghorofani. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji peke yake yana uzito wa kilo 1,000, yaani kama watu wazima 15 waliosimama pamoja mahali pamoja usiku na mchana. Zaidi ya hayo, bomba livujalo polepole huozesha ncha za boriti zilizofichwa ukutani, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka siku sakafu inapoinama. Hapa pia mtaalamu aitwe, aonyeshe tangi likae wapi na maji yatoke njia gani.

Kwamba majengo haya yaweza kuanguka si hadithi. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 zamani za Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, wakati lilipokuwa likitengenezwa, na watu 2 walikufa. Jumba lile ni kubwa kuliko nyumba zetu, lakini latukumbusha kuwa wakati wa matengenezo nao ni wakati wa hatari.

Kanuni basi ni hii. Kazi ikigusa kinachobeba nyumba, au ikipeleka maji mahali pasipokuwa na maji, mlipe mtaalamu kwanza. Ikiwa ni uso wa ukuta, tafuta fundi mwema. Ikiwa ni mapazia na viti, shauriana na watu wa nyumbani, hasa akina mama washindao humo mchana kutwa. Wao wajua upepo waingilia wapi na moshi wa jikoni waelekea wapi. Mpambaji aitwe kama fedha zimebaki, wala si dhambi kumwita, maana mwenye ujuzi aweza kukuepusha kununua vitu visivyoenea chumbani.

Kumwita mtaalamu hakumaanishi kumkabidhi nyumba yote. Waweza kumlipa kwa kukagua mara moja na kuandika shauri lake, kisha kazi ikafanywa na fundi wako. Kabla ya kupatana naye, omba kuziona nyumba alizozitengeneza, uzungumze na wenyewe baada ya masika kupita juu ya kazi yake. Uliza kama hupata chochote kutoka duka akushaurilo kununua. Mapatano yaandikwe: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa fedha ngapi, na malipo yafuate hatua za kazi. Katika kila shilingi 100 za akiba, weka kando 15 kwa yale yatakayoonekana lipu itakapobanduliwa. Tena katika miji hii ya urithi, uliza habari za kibali kabla ya kugusa nyumba. Huko Unguja iko mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe tangu mwaka 1985.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza kwamba ni vema kujua ufa umetoka wapi kabla ya kuuziba. Malipo ya mtu wa kukuambia hilo ni madogo kuliko gharama ya ukuta, na ukuta wenyewe ni rahisi kuliko roho ya mtu alalaye chini yake.