'Tafadhali' si kipimo cha adabu

Wenzetu wanaorejea kutoka ughaibuni huwa na lalamiko moja: eti sisi huku hatujui kusema 'tafadhali'. Nami nililisikia kwangu niliporudi kutoka Ujerumani, nilikofundisha Kiswahili kwa miaka 12. Binti yangu, aliyekulia huko, aliniuliza mbona nyanyake ni mkali hivyo; kazi yake kuamuru tu. Alikuwa ameanza kumkwepa. Naye mamangu, siku mjukuu aliporudia 'tafadhali' mara tatu mezani, alininong'oneza: "Kwani nimemkosea nini huyu?"

Je, mamangu huamuru? Anayosema ni haya: "Hebu niletee maji, mwanangu." Hasemi "Leta maji." Tofauti hapo si ndogo. 'Leta' ni amri kavu. Katika 'niletee' mna 'ni', inayomtaja mwenye haja. Mna mnyambuliko wa kutendea, unaoonyesha kwamba jambo lafanywa kwa ajili yake. Kisha mna ile 'e' ya mwishoni tuisikiayo katika dua, kama vile 'Mungu atulinde'. Ombi limo ndani ya kitenzi chenyewe. Ongeza 'hebu' na 'mwanangu', pamoja na sauti iliyoshushwa, basi adabu imetimia. Mjerumani naye hulibebesha ombi lake neno 'bitte', na lisiposikika, sikio lililolelewa kule husikia ukali.

Mkahawani Nairobi utasikia, "Nisaidie na chumvi." Wasanifu huikemea hiyo 'na' (tuiache kwa leo), lakini msemaji amejishusha akawa mhitaji wa msaada. Jirani yetu Mtanzania atasema, "Naomba chumvi."

'Tafadhali' lenyewe lina kisa chake. Asili yake ni Kiarabu, ambako 'tafaddal' husemwa na mwenyeji anapompisha mgeni mlangoni au kumkaribisha mezani. Kwetu likahamia kinywani mwa mwombaji. Wala si jororo wakati wote: kwenye bango huandikwa 'Tafadhali usikanyage nyasi', na aliyechoshwa husema, "Tafadhali bwana, niondokee!" Baina ya watu wa nyumba moja, likizidi, huleta umbali.

Vitabu vingi vya kuwafunza wageni hulitanguliza neno hili. Darasani mwangu siku hizi naanza na 'naomba' na 'niletee'. 'Tafadhali' huja baadaye, pamoja na mabango.