Mbwa anayevuta kamba asikose chanjo

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hapa Kisesa kama vijiji vingine vya kandokando ya Ziwa Victoria, mara nyingi anayetumwa kumpeleka mbwa ni mtoto. Kamba imefungwa kwenye shingo isiyoizoea, na mtoto ameizungusha mkononi. Mbwa akiona wenzake anachomoka, mtoto anaburutwa. Mbwa msumbufu zaidi huachwa nyumbani bila chanjo, alale mlangoni penu. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe.

Mzazi, anza wiki mbili kabla. Mvishe mkanda mpana shingoni, mtembeze uani dakika kumi asubuhi na jioni. Akivuta, simama, usimvute wala kumpiga. Kamba ikilegea, mpe dagaa papo hapo, kisha endeleeni. Ataelewa kwamba akivuta hamwendi popote. Siku za mwanzo mtapiga hatua chache tu na majirani watacheka. Waache wacheke.

Siku yenyewe kamba ashike mtu mzima, bila kuizungusha mkononi.

Mtoto aking'atwa, hata ukiwa mkwaruzo tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimpake dawa za mitishamba, wala usisubiri kuona mbwa atakuwaje: dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.