Mishiri huharibika kabla ya kupanda ndege

WAKULIMA wengi wa mishiri hulaumu umbali wa Ulaya pindi wanapoambiwa kuwa mzigo wao ulifika ukiwa umenyauka. Ukweli ni kwamba safari ya angani ndiyo sehemu yenye matatizo machache zaidi katika njia yote.

Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, hadi Schiphol, Amsterdam, ni karibu kilomita 6,680 kwa njia fupi kabisa. Ndege kubwa huenda kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa, lakini ukijumlisha kupaa, kutua na kuzunguka hapa na pale, safari humeza kama saa nane na nusu.

Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku, hutua saa moja na nusu asubuhi kwa saa za Kenya. Amsterdam huwa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi msimu wa joto, na saa kumi na moja na nusu alfajiri msimu wa baridi, kwa sababu Waholanzi hurudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba.

Sasa piga hesabu ya huku nyumbani. Mishiri ikichunwa saa moja asubuhi na kungojea gari la mnunuzi hadi saa kumi jioni, imekaa bandani saa tisa. Hizo ni nyingi kuliko za kuruka hadi Ulaya! Zao lililochunwa bado linapumua, na joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili au tatu. Mishiri huhitaji nyuzi 5 hadi 7 hivi, ilhali banda la mabati mchana linaweza kupita nyuzi 30. Chumba cha baridi cha JKIA hakirudishi ubichi uliokwisha kupotelea Mwea. Kibanda chenye kuta za waya zilizojazwa mkaa unaomwagiwa maji hupunguza joto hilo, nacho hakihitaji umeme.

Kweli, anga nayo huleta balaa. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga viwanja vya Ulaya kwa siku kadhaa, maua na mboga za Kenya zikatupwa. Aprili 2023 vita vya Sudan vilifunga anga ya nchi hiyo, na ndege zikalazimika kuzunguka. Hayo mkulima hana la kufanya.

Palipo na la kufanya ni kwenye nauli. Mashirika ya ndege hutoza uzito au ukubwa wa katoni, kile kinachozidi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kilo 16, hata kama ndani mna kilo 10 tu. Kilo sita hizo ni hewa, na zimelipiwa hadi Amsterdam.