Barack: Jina adimu lililorudi nyumbani

Je, mzazi, mwanao utamwita nani? Novemba 2008, Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, baadhi ya akina mama waliojifungua wavulana Kisumu hawakusita: walichagua Barack. Kabla ya hapo jina hilo lilikuwa adimu.

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni aliyebarikiwa. Ni ndugu wa neno letu baraka. Katika ukoo wa Obama liliingia kwa njia ya dini. Babu yake, Mzee Hussein Onyango, alikuwa amesilimu, akampa mwanawe jina hilo. Mwana huyo alienda kusoma Hawaii mwaka wa 1959, na mwanawe alipozaliwa huko mwaka wa 1961, akamrithisha.

Wasomaji wa Biblia wasichanganye. Baraka wa Kitabu cha Waamuzi ni jina jingine: kwa Kiebrania maana yake ni umeme.

Utotoni, Rais huyo aliitwa Barry. Alipofika chuoni ndipo akashika jina kamili la babake. Basi mzazi, ukimpa mtoto jina la mtu mashuhuri, mweleze na maana yake. Sifa hupita, lakini jina atazeeka nalo.