Lipu ya Saruji Kwenye Ukuta wa Matumbawe

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar baada ya masika, utaona jambo lilelile nyumba hadi nyumba: rangi imefura, nyuma yake kuna unga mweupe, na ukigusa tu lipu inakubakia mkononi. Mwenye nyumba humwita fundi. Fundi hukwangua, hupiga lipu ya saruji, humalizia kwa rangi ya mafuta. Masika yakirudi, unyevu nao unarudi, safari hii umefika usawa wa bega.

Wengi huilaumu bahari. Mimi naulaumu mfuko wa saruji.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Jiwe lina vitundu, chokaa nayo ina vitundu, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo utambini. Wajenzi wa zamani waliyaachia njia: lipu ya chokaa huyafikisha usoni mwa ukuta, upepo ukayakausha. Ukiiziba njia hiyo kwa saruji, maji hutafuta pa kutokea juu zaidi, hata yafikie ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani. Boriti hizo ndizo zinazobeba dari, na zikilowa muda mrefu huoza kwa ndani bila mtu kujua. Ule unga mweupe ni chumvi. Hubaki maji yakikauka, na ikiganda ndani ya vitundu hulimega jiwe lenyewe.

Kwa hiyo anzia juu, kwenye bati lililotoboka na mfereji ulioziba, maana maji ya mvua nayo huingia ukutani. Kisha bandua saruji, uache ukuta ukauke (hesabu miezi, si wiki), ndipo upige lipu ya chokaa.

Kiyoyozi nacho kina lake. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutona maji ikigusa kitu cha nyuzi 26. Chumba kikipozwa usiku kucha hadi nyuzi 20, kisha dirisha likafunguliwa asubuhi, ukuta hutoka jasho kama chupa ya soda, na kuvu huota nyuma ya kabati.

Fundi akija na mfuko wa saruji, mwulize kwanza: maji haya yatatokea wapi?