Katharine Hepburn na Dada wa Misheni

Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema Marekani walichapisha tangazo la kuwataja mastaa wasioleta watazamaji. Katharine Hepburn alikuwamo, licha ya kwamba alikwisha kushinda Oscar kwa Morning Glory ya 1933. Alilipa mwenyewe ili ajitoe kwenye mkataba wa studio ya RKO, akarudi jukwaani na mchezo wa The Philadelphia Story. Tajiri Howard Hughes alimnunulia haki za kuutengenezea filamu, kwa hiyo studio iliyoitaka hadithi ililazimika kumchukua na yeye. Filamu ikatoka 1940, na jina lake likarudi juu.

Sisi wa Rungwe tunamhitaji zaidi katika The African Queen ya 1951. Hadithi inaanza mwaka 1914 kwenye misheni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, enzi ambazo mji wetu wa Tukuyu uliitwa Neu Langenburg. Kamera hazikufika huku. Mwongozaji John Huston alipiga picha Kongo na Uganda. Hepburn, mwenye miaka 44, ni Rose, Mwingereza, dada wa mmisionari. Mwanzoni alimwigiza kwa uso mkavu mno. Huston akamwambia amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, akitembelea wanajeshi majeruhi, daima akitabasamu. Ushauri huo ulimtengeneza Rose mzima. Tazama anavyokaa wima kwenye kinanda cha kanisa: siku hizo alikuwa anaharisha vibaya, na ndoo iliwekwa karibu, nje ya picha. Usoni huoni kitu. Huo ndio uigizaji.

Waumini walio mbele yake, hata hivyo, wamedhulumiwa. Wanaimba ovyo, hawana jina, na kijiji kikichomwa na askari wa Kijerumani wanatoweka kwenye hadithi. Rungwe mambo yalikwenda vingine kabisa. Wamoravian waliofungua misheni hapa mwaka 1891 walikuwa Wajerumani, na jeshi lililouteka mji wa Tukuyu Mei 1916 lilikuwa la Waingereza. Wamisionari walipoondolewa, Wakristo Wanyakyusa waliendelea kuabudu na kulea makanisa yao.

Hepburn alishinda Oscar nyingine tatu, kwa filamu za 1967, 1968 na 1981. Alifariki 2003 akiwa na miaka 96, na hakuna mwigizaji aliyefikia Oscar zake nne za uigizaji. Vijana wa Tukuyu mnaoandika filamu, jifunzeni kwake namna ya kukaa mbele ya kamera, kisha mtuandikie wale waumini.